Miezi Minane Niliyokuficha

Mwanangu Rukia,

Ni Jumamosi alasiri, nawe umekwenda kuagana na wenzako wa wodini. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Brisbane. Masanduku yako yamesimama ukumbini, na mimi nimejifungia katika chumba changu cha kazi nakuandikia. Kila nikitaka kusema nawe uso kwa uso naanza kwa hasira, wewe unanijibu kwa Kiingereza, na hatufiki popote.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Una miaka ishirini na mitano, na huu ni mwaka wako wa tatu unauguza watu. Nataka kukuambia habari ya Yusta na habari yangu, na safari hii sitaacha kitu.

Wiki mbili zilizopita uliniambia umepata kazi katika kampuni ya manesi wanaowasomea mawakili mafaili ya wagonjwa, kazi hii hii ninayoifanya mimi. Nilifurahi. Nikakuuliza kampuni ni ya nani, ukasema, "Ya mama mmoja tu, Mum, humjui." Siku ya tatu yake nikaingia humu kuchapa ripoti, nikakuta kwenye printa karatasi ya mwisho ya mkataba wako. Uliisahau. Chini yake palikuwa na sahihi ya Yusta. Sahihi ile naijua tangu tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi Tanga, tukinunua chai kikombe kimoja na kugawana.

Uliporudi kutoka zamu nilikuwa nimeishika mkononi.

"Hii nini, Rukia?"

"Mum, nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Nikishafika."

Nikishafika! Nilisema maneno mengi siku ile. Nilikuita msaliti, na nilikuuliza kama katika Australia nzima hukumwona mwajiri mwingine ila mtu aliyenigeuka. Ulinitazama tu, kwa namna ambayo sikuielewa, ukaenda chumbani kwako. Nilidhani ni kiburi. Sasa nimejua ulikuwa unaningoja niseme jambo, nami sikulisema.

Basi nianze mwanzo.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu niliumia mgongo nikimnyanyua mgonjwa. Unakumbuka, maana ndiwe uliyekuwa ukinivalisha soksi. Tulikuwa tunakaa St Marys, kitongoji cha Sydney, wakati huo. Baba yako ameshafariki, na mimi nesi wa wodi ya wazee siwezi tena kusimama zamu nzima. Yusta ndiye aliyekuja na habari hii ya mawakili. Alikuwa kama ndugu yangu. Tulifika nchi hii mwaka mmoja, wewe ulimwita Mamdogo, na nywele zako alizisuka yeye kuliko mimi. Alisema, "Zuhura, mawakili wanaletewa faili la mgonjwa kurasa elfu, hawajui waanzie wapi. Hawawezi kusoma karatasi ya dawa. Hawajui nesi anaandika nini akiwa amechelewa. Wewe unajua."

Tukasoma kozi pamoja, tukaanza. Tuligawana kazi hivi: mimi nasoma na kuandika, yeye anaongea na mawakili. Ni mimi niliyependekeza mgawanyo huo. Niliona aibu ya lafudhi yangu. Kwenye simu watu walikuwa wananiambia "samahani?" mara tatu tatu, na Yusta Kiingereza chake kilinyooka. Nilimwambia, "Wewe kuwa mdomo, mimi nitakuwa macho." Tulicheka. Kwa miaka mitatu hakuna wakili hata mmoja aliyejua sura yangu. Nikaona ni raha hiyo, kukaa nyumbani na faili na kikombe changu, mtu mwingine akabiliane na watu. Kumbe nilikuwa nampa jina langu alitunze, na jina hapewi mtu akutunzie, hata awe ndugu.

Kazi yenyewe niliipenda mara moja. Unajua ninavyosoma. Siifungui kwanza barua ya wakili, maana itanieleza nitafute nini. Naanza na karatasi za manesi, kwa kuwa ziliandikwa na mtu aliyekuwa amesimama pale. Naandika saa kwa saa nani alifanya nini. Kisha nachukua karatasi ya dawa, naiweka kando yake, naona kama zinakubaliana. Mara nyingi zinakubaliana, na hapo nawaambia mawakili kwamba nesi hakukosea, wasimsumbue. Watu hudhani kazi hii ni ya kuwakamata manesi. Nimewaokoa wengi kuliko niliowakamata.

Halafu likaja faili la Mzee Kulimushi.

Alikuwa Mkongo, mtu mzima sana, aliyefia katika nyumba ya kulelea wazee kwa vidonda vya kulala upande mmoja muda mrefu. Familia yake ilikuwa imeishtaki nyumba ile. Waliotutuma sisi ni mawakili wa upande wa nyumba ya wazee. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nikaona jina la binti yake: Nsimire. Rukia, ni Nsimire yule yule, jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyekuwa akifanya kazi ghalani karibu na stesheni, aliyekuletea sambusa siku ya Idi ingawa yeye ni mtu wa kanisa.

Nilipaswa kulifunga faili dakika ile ile na kulirudisha. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya kazi hii: ukimjua mtu yeyote ndani ya faili, si lako. Nilijua. Nikajidanganya kwamba nikilisoma mimi, ukweli utaandikwa, na ukweli ukiandikwa Nsimire atapata haki yake bila kujua imetoka wapi. Nilijiona mwema sana. Yusta naye nilimwambia kwamba namjua binti wa marehemu. Akasema, "Basi kaa kimya, maliza." Kosa la kwanza ni langu, kabla Yusta hajafanya lolote.

Nilisoma siku nne. Karatasi za kumgeuza mzee zilikuwa zimejazwa vizuri mno: kila saa mbili, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mwandiko mmoja, wino mmoja, zamu tatu mfululizo. Hakuna nesi anayeandika hivyo. Nikatafuta. Sahihi ya saa nane usiku, usiku wa Jumanne, ilikuwa ya mhudumu mmoja. Lakini karatasi nyingine, iliyokuwa kurasa mia nne mbele, ilionyesha kuwa saa hiyo mhudumu huyo alikuwa ndani ya gari la wagonjwa, akimsindikiza mama mwingine hospitali. Mzee Kulimushi hakugeuzwa na mtu. Karatasi zilijazwa baadaye.

Nikayaandika yote hayo ukurasa wa sita wa ripoti yangu, nikampa Yusta apeleke.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nikakutana na Nsimire dukani St Marys, mbele ya mafungu ya mihogo iliyogandishwa. Amekonda. Akanishika mkono.

"Dada Zuhura, banasema tuache kesi."

"Nani anasema?"

"Avoka, wakili yetu. Anasema kuko nesi mukubwa, mutaalamu, ameandika kama baba alikuwa anageuzwa kila saa mbili. Papiye, makaratasi, inaonyesha. Sasa miye nafanya nini? Niliona mugongo ya baba na macho yangu. Lakini papiye inasema."

Nilirudi nyumbani nikaifungua kompyuta tuliyokuwa tukitumia pamoja. Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, na ya kwangu ilikuwa na kumi na mbili. Ukurasa wa sita haukuwamo. Hitimisho limebadilishwa: mzee alihudumiwa kama inavyotakiwa. Na chini, mtaalamu aliyeandika: Yusta. Peke yake.

Siku ya pili yake nikaenda kwake Quakers Hill. Alikuwa anaanika nguo uani. Hakushtuka kuniona.

"Umeutoa ukurasa wangu," nikamwambia.

"Wakili hakuutaka."

"Wakili hakuutaka, nawe ukaandika uongo?"

"Nimeandika kilichomo kwenye karatasi. Karatasi zinasema aligeuzwa."

"Na jina langu?"

Akaweka chini kapu la nguo. "Jina lako nimelitoa kukulinda. Unamjua binti wa marehemu, Zuhura. Uliniambia mwenyewe. Ukienda leo ukasema ripoti ile ni yako, jambo la kwanza watakalokuuliza ni kwa nini ulilishika faili la jirani yako. Utanyang'anywa leseni. Una mtoto."

Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa jinsi ya kunywa dawa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko ukurasa. Alikuwa amekaa akafikiri. Siri niliyompa kama ndugu alikuwa ameigeuza kamba, akanifunga nayo, na fundo lilikuwa zuri. Miaka ishirini nilimjua mtu yule, na siku ile uani kwake nikaona sijawahi kumjua.

Nilimwambia sitaki kumwona tena. Nikapanda treni nikarudi nyumbani.

Wewe nilikwambia nini? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nilikwambia Mamdogo amenigeuka, amebadilisha ripoti yangu, na kwamba nilipogundua, siku ile ile nikaenda nikasema ukweli. Ukanikumbatia. Shuleni ukaandika insha juu ya mama yako. Nimeitunza mpaka leo, na sijawahi kuweza kuisoma hadi mwisho.

Sikwenda siku ile ile, Rukia. Nilikaa miezi minane.

Miezi minane nilinyamaza. Niliogopa kwa ajili ya leseni, niliogopa kwa ajili yako, niliogopa aibu. Nilibadilisha njia ya kwenda stesheni nisimwone Nsimire, halafu nikaona hiyo nayo itashangaza watu, nikairudia njia ya mlangoni kwake. Nikawa nikimsalimu. Akiniuliza habari za mgongo. Wakaiacha kesi, wakakubali kwamba baba yao alitunzwa vizuri akafa tu, na mimi nikijua. Yusta alifanya uovu siku moja, mimi niliufanya kila asubuhi.

Hatimaye nilisema. Hakukuwa na ndoto wala muujiza. Nilikuwa kliniki, nimepewa siku mbili kwa wiki za kufunga vidonda, akaja mzee wa Kiburundi mwenye kidonda mgongoni. Binti yake akaniuliza, "Nesi, ni sisi tumekosea?" Nikamfunga baba yake kidonda, nikarudi nyumbani nikaifungua tena ripoti yangu. Kesho yake nikamtafuta wakili wangu mwenyewe, nikaandika kila kitu kwa wasimamizi wa wauguzi, pamoja na kosa langu la kulishika faili. Nilipewa onyo kali na masharti ya mwaka mzima. Yusta alisimamishwa kwa muda, kisha akahamia Brisbane. Kesi ya Mzee Kulimushi ilifunguliwa upya, na nyumba ile ikakiri.

Nilikwenda kwa Nsimire kabla hajasikia kwa mwingine. Nikamweleza nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Miezi nane, dada. Ulikuwa unapita mbele ya mulango yetu." Akafunga mlango, hakuubamiza, aliusukuma polepole mpaka ukajifunga. Ndiyo maana tulihama St Marys tukaja hapa Penrith. Nilikudanganya kwamba ni kwa ajili ya bustani.

Kwa muda mrefu hakuna wakili aliyenipigia. Nilidhani kazi imekufa. Kisha mwanamke mmoja, wakili mwenye ofisi ndogo hapa hapa Penrith, akanipigia. Alikuwa amesikia. Nikamwambia mapema, kwa lafudhi yangu hii hii, kwamba mimi ndiye nesi niliyejishtaki. Akasema, "Najua. Nina mtu wa kuniambia nitashinda. Nataka wa kuniambia nitashindwa." Akaleta faili moja, nikamwambia kesi yake haina miguu. Akaniletea la pili. Kutoka kwake wakaja wengine, na leo nakataa mafaili mengi kuliko ninayoyapokea. Kabla sijapokea faili naomba orodha ya majina kwanza. Majina tu. Wakati mwingine wananiona mtu wa ajabu. Na ripoti naipeleka mwenyewe, nazungumza mwenyewe, wakisema "samahani?" narudia.

Ulipoomba nikufundishe, nikakukatalia. Nilisema kaa wodini miaka mitano kwanza. Ni kweli kwamba kazi hii haifanywi na mtu ambaye hajawahi kuchelewa kuandika maelezo kwa sababu wagonjwa wawili wanamwita pamoja; lazima uwe umesimama pale ndipo ujue karatasi inadanganya. Lakini ningeweza kukuacha ukae kando yangu siku zako za mapumziko. Sikutaka. Faili la Kulimushi limo katika kabati hili, pamoja na barua zote zenye tarehe, na wewe unajua kusoma tarehe. Nilikufungia mlango ili nijifiche, ukaenda kubisha kwingine.

Jumanne nilimpigia Yusta. Namba niliitoa kwenye karatasi ya mkataba wako. Tangu siku ile ya uani sikuwa nimeisikia sauti yake, na bado, nilipoisikia, moyo ulitaka kumwita dada.

"Umemchukua mwanangu," nikasema.

"Sikumchukua. Ni yeye aliyenitafuta. Miezi minne sasa."

"Umemwambia nini?"

"Aliniuliza kilichotokea, nikamwambia. Sikujitetea, Zuhura. Nilimwambia nimeutoa ukurasa na nimeandika uongo." Kisha akaongeza, "Nikamwambia na ile miezi minane. Nilidhani anajua. Sikujua kama ulimficha."

Miezi minne! Miezi minne umekaa na mimi meza moja, unakula wali wangu, unanisikiliza nikikusimulia habari za mafaili na uaminifu, na unajua. Siwezi kukudanganya kwamba haikunichoma. Mpaka dakika hii inanichoma. Sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe. Na wewe pia, mwanangu, nimekukasirikia kwa kuninyamazia. Halafu nahesabu, naona wewe ulininyamazia miezi minne na mimi nilikudanganya miaka tisa.

Nilikuwa nataka kukata simu. Yusta akasema, "Ngoja. Kuna jambo hujaambiwa. Nilipompa kazi hakuikubali hapo hapo. Aliniuliza swali moja: kama nimewahi kumwomba radhi Nsimire. Nikamwambia sijawahi. Akasema, 'Basi nitakuja, Mamdogo, ila siku ya kwanza tutakaa tuandike barua hiyo kabla sijagusa faili lako lolote. Ukikataa, narudi Sydney jioni hiyo hiyo.'"

"Nawe ukasemaje?"

"Nilisema sawa," akasema. "Nilisema sawa, Zuhura. Sijalala vizuri tangu hapo."

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

Rukia, sisi wawili tumekuzidi umri, tumesomea, tumeapa, na hakuna aliyewahi kutanguliza radhi kabla ya kazi, kama unavyokwenda kufanya Jumatatu. Huendi Brisbane kunisaliti. Nimechelewa kulielewa, na nilikuita jina baya ukumbini nikiwa sijaelewa.

Kesho nitakuendesha hadi uwanja wa ndege. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku dogo, juu ya nguo, uione ukifika. Garini sitaitaja. Huenda tusiseme mengi. Usidhani kunyamaza kwangu ni hasira. Nitakuwa nakazana nisilie barabarani.

Nilimwomba radhi Nsimire mlangoni kwake, hata kama hakuipokea. Niliwaomba radhi watu nisiowajua, kwa maandishi. Mtu mmoja sijamwomba, naye amelala chumba cha pili miaka yote hii. Nilikudanganya, mwanangu. Nilitaka uwe na mama wa kwenye ile insha, nikakunyima huyu uliye naye. Nisamehe. Usinijibu upesi, wala usinijibu kwa huruma. Nitangoja kadiri utakavyoniacha ningoje.

Mama yako,
Zuhura